Nani Kakatazwa Kuvaa Nini? Nguo na Cheo kutoka Roma hadi Rusumo

Katika kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016 kando ya daraja la mto Kagera, mgeni hana haja ya kuuliza nani ni nani. Ofisa wa uhamiaji amevaa sare yenye alama za cheo mabegani. Wakala wa forodha ana shati lililopigwa pasi na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Dereva aliyeendesha lori kutoka Dar es Salaam na anayesubiri kuingia Rwanda yuko na fulana na ndala, kwa kuwa usiku amelala kwenye gari. Kijana wa bodaboda kavaa kizibao kinachong'aa kwenye mwanga, na mama mwenye tenga la ndizi kajifunga kitenge juu ya gauni. Hakuna aliyefungua kinywa, lakini kila mmoja amekwisha kupewa nafasi yake: wa kuamkiwa, wa kupishwa njia, wa kusimamishwa na kupekuliwa.

Tumezoea kueleza jambo hili kwa kuangalia wakubwa walivaa nini: mfalme na ngozi ya chui, sultani na joho, kaisari na zambarau. Njia hiyo inatupa picha nzuri, ila inatuficha kiini. Nguo peke yake haina cheo. Kinachoipa cheo ni uwezo wa mtu fulani kumwambia mwingine: wewe hii usivae. Kwa hiyo anayetaka kuelewa mavazi ya jamii yoyote, ya kale au ya leo, aanze na katazo. Ajue nani kakatazwa nini, nani kakataza, na katazo lilipovunjika watu wakubwa walikimbilia wapi.

Roma: sheria, bei na ustadi

Roma ya kale ni mahali pazuri pa kuanzia, maana Warumi waliandika makatazo yao. Vazi la heshima lilikuwa toga, shuka la sufu lililokatwa kama nusu duara. Enzi za makaisari wa kwanza urefu wake ulifika mita tano na zaidi. Lilivaliwa juu ya kanzu fupi iliyoitwa tunika, na aliyeruhusiwa kulivaa ni raia wa Roma tu. Mgeni hakuruhusiwa, mtumwa hakuruhusiwa. Ndani ya uraia nako kulikuwa na ngazi. Seneta alikuwa na mstari mpana wa zambarau kwenye tunika yake. Tabaka lililofuata, la wapanda farasi, lilikuwa na mstari mwembamba na pete ya dhahabu. Maofisa wakuu wa dola walivaa toga yenye ukingo wa zambarau, na aliyegombea cheo aliipaka toga yake chaki ing'ae kwa weupe.

Sheria ilikuwa kufuli la kwanza. Kufuli la pili lilikuwa bei. Zambarau halisi ilitoka kwa konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alichakata konokono 12,000 na kupata gramu 1.4 tu za rangi. Katika amri ya bei aliyoitoa Kaisari Diocletian mwaka 301, ratili moja ya hariri iliyotiwa zambarau iliwekewa kikomo cha dinari 150,000, na kibarua wa shambani dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kibarua huyo angefanya kazi siku 6,000, yaani zaidi ya miaka 16 bila kupumzika hata siku moja, ili apate ratili moja.

Kufuli la tatu halionekani haraka: ustadi wa kuvaa. Toga haikuwa na kifungo wala pini. Mikunjo yake ilipangwa na mtu mwingine, mara nyingi mtumwa, na aliyeivaa aliushughulisha mkono wa kushoto kutwa nzima ili isidondoke. Vazi lile lilitangaza kwamba mwenyewe halimi, habebi mzigo, na nyumbani ana mtu wa kumvisha. Tajiri mpya aliweza kuinunua, lakini mwendo wake ulimuumbua.

Makufuli yote matatu yalivunjwavunjwa. Raia wa kawaida waliichoka toga kwa uzito wake, hadi Kaisari Augustus akaagiza maofisa wa mji wasimruhusu mtu kukaa kwenye uwanja wa Forum bila kuivaa. Mshairi Juvenal alidai kwamba sehemu kubwa ya Italia hakuna aliyevaa toga ila maiti. Mwaka 212 Kaisari Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote wa dola, haki ya kuivaa ikabaki haina wa kumringia. Zambarau nayo ilizidi kubanwa kadiri watu walivyoitamani: mwanahistoria Suetonius anasimulia kwamba Nero aliipiga marufuku, kisha akamwona mwanamke mmoja akiwa ameivaa kwenye hadhara, akaamuru avuliwe palepale na kunyang'anywa mali.

Tusilipite tukio hilo. Mvunja amri aliyeadhibiwa mbele za watu alikuwa mwanamke. Karne kadhaa nyuma yake, mwaka 215 K.K., wakati wa vita na Hannibal, Roma ilipitisha Sheria ya Oppia iliyomkataza mwanamke kumiliki dhahabu zaidi ya nusu wakia, kuvaa nguo ya rangi za fahari na kupanda gari la farasi mjini. Vita vilikwisha, katazo likabaki. Mwaka 195 K.K. wanawake wakajaa barabarani kudai lifutwe, na likafutwa, ijapokuwa konsuli Cato alilitetea kwa nguvu zote. Dola inapotaka kuonyesha kwamba imeshika usukani, mwili wa mwanamke ndio huwa ubao wa kwanza wa matangazo.

Gome, ngozi na merikani

Tukirudi kwetu, kati ya ziwa Victoria na mto Kagera, tunakuta utaratibu uliosimama bila sheria iliyoandikwa. Nguo ya asili ya ukanda huu ilitoka kwenye gome la mtini wa porini. Fundi huchuna gome, huligonga kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi lilainike na kutanuka, kisha hulianika juani likawa na rangi ya udongo mwekundu. Shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba liote gome jipya, na mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi. Buganda ndiko ufundi huu ulikofika kilele. UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Wahaya waliufahamu pia, na ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, nguo hiyo iliitwa impuzu, huku wanawake wakivaa pia ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa.

Kwa kuwa gome lilipatikana kwa watu wote, cheo kilitafuta mahali pengine pa kukaa. Huko Buganda la Kabaka na watemi wake lilitiwa rangi nyeupe au nyeusi na kufungwa kwa mtindo wake. Katika ua wa Kabaka Mutesa aliyetembelewa na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1862, kuacha mguu wazi mbele ya mfalme kulikuwa kosa la kuadhibiwa vikali. Hapakuwa na zambarau pale, lakini katazo lilikuwepo.

Kisha ikaja nguo ya kufumwa. Merikani, kitambaa cheupe cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kilimiminika Zanzibar baada ya mkataba wa biashara wa Marekani na Sultani wa mwaka 1833. Kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, kikipimwa kwa mkono, shuka, doti na jora. Kwa njia hiyo kilifika Usui, nchi ambayo leo ni eneo la Biharamulo na Ngara. Speke na mwenzake Grant walipopita huko mwaka 1861, walikwama kwa wiki kadhaa wakitozwa hongo na mtemi ambaye Speke alimwita Suwarora: merikani, nyaya za shaba na shanga. Mtemi mwenyewe hakujitokeza kuonana nao. Alipokea nguo, akaamua nani apite na lini.

Hapo uchumi wa cheo unajianika. Merikani haikuwa ghali huko Massachusetts wala haikuwa ya kifahari. Ilikuwa ya fahari Usui kwa sababu ilipita kwenye mlango mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa mtemi. Aliyemgawia, huyo alionekana. Novemba ya mwaka huohuo, kaskazini kidogo huko Karagwe, Speke alipokelewa na Mukama Rumanika. Alimkuta amevaa joho jeusi la Kiarabu bila makuu, miguuni soksi za shanga za rangi, na bangili za shaba zilizofumwa vizuri. Nduguye Nnanaji alijifunga kitambaa cha miraba, mwili umejaa hirizi. Joho lile lilitembea kutoka pwani hadi ziwani, na mwili ulioonekana kulistahili ni mmoja. Rumanika hakuhitaji kumwiga Mwarabu. Alihitaji kuonyesha kwamba njia ya Waarabu inaishia mlangoni pake.

Kichwa wazi, kichwa kilichofunikwa

Mwanafalsafa Seneca ameacha kisa cha kutisha. Baraza la Seneti lilipendekezewa kwamba watumwa wavae nguo ya kuwatofautisha na watu huru. Pendekezo likaachwa pale ilipofahamika hatari yake: watumwa wangeanza kuwahesabu mabwana wao. Roma ilitambua kwamba sare haimwekei alama mtu tu, humwonyesha pia wenzake walivyo wengi.

Zanzibar ya karne ya 19 ilichukua njia nyingine. Desturi iliyosimamiwa na mabwana ilimtaka mtumwa atembee kichwa wazi na miguu mitupu, na mavazi yake yalikuwa ya kitambaa duni, merikani isiyotiwa rangi, au kaniki kwa wanawake. Mabwana walikuwa na kilemba, joho na jambia kiunoni. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, walioachiwa huru hawakungoja hotuba ya mtu. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiweka kando kaniki, wakajitanda kanga za rangi na baadaye buibui, vazi ambalo kabla ya hapo lilikuwa la wanawake wa nyumba za heshima.

Roma nayo ilikuwa na kofia yake ya uhuru. Mtumwa aliyeachiwa alinyolewa nywele akavishwa pileus, kofia ndogo ya sufu, na aliivaa kwa fahari. Jamii mbili zisizojuana, zilizotenganishwa na karne nyingi, zilifika kwenye ishara moja: aliye huru hufunika kichwa chake. Sioni muujiza hapo. Pote pawili kichwa kilichofunikwa kilikuwa ni kitu alichonyimwa mtu, na mtu akiachiwa huanza na kile alichonyimwa.

Ukoloni ulileta kaki. Askari wa Kijerumani, ambao boma lao bado limesimama Biharamulo, walifundisha kwamba amri huvaa vifungo. Waafrika walilielewa somo haraka kuliko walimu walivyotaka. Ngoma za beni zilizoenea kutoka pwani hadi bara mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na majenerali, wafalme na makoplo wao wenyewe, waliovaa sare za kushonesha na nishani za bandia. Watawala waliziona kuwa mchezo, kisha wakaanza kuzitilia shaka. Mtu anayejivika cheo bila kupewa amegusa ufunguo wenyewe.

Dola huru na urefu wa sketi

Uhuru ulibadilisha vazi la juu. Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake walivaa suti nyepesi isiyo na tai, kwa mfano wa viongozi wa China, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 suti ile ilimaanisha kiongozi aliyeukana ubwanyenye. Nia ilikuwa njema, na kwa wengi ilikuwa ya kweli. Hata hivyo ilizaa tabaka la kuonekana: ukimwona mtu ndani ya suti ile kwenye gari la serikali, ulijua uamkie.

Makatazo yaliwaangukia wengine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, vijana waliwavamia wanawake Kariakoo wakiwachania nguo. Miaka hiyohiyo Wamaasai waliamriwa kuacha mavazi yao ya asili wavae suruali ili wafanane na taifa linaloendelea. Watu wawili ndio waliopimwa kwa rula ya uzalendo: mwanamke wa mjini aliyeonekana wa kisasa kupita kiasi, na mfugaji aliyeonekana si wa kisasa. Mwanamume wa ofisini ndiye aliyeshika rula.

Rula hiyo haijawekwa kabatini. Juni 1, 2021, bungeni Dodoma, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliamriwa kutoka ukumbini kwa sababu ya suruali iliyodaiwa kumbana. Agizo la Augustus kuhusu Forum na agizo lile la bungeni ni ndugu. Yote mawili yanasema: hapa ni mahali pa mamlaka, na mwili wako usiingie ila kwa umbo tulilolipitisha.

Belo linapofunguliwa

Biashara imefanya kile ambacho sheria haikuweza. Hadi katikati ya miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu, na mitumba iliyopata jina la "kafa Ulaya" ilipita kwa kificho. Soko lilipofunguliwa, nguo ya Ulaya na Marekani ilifika hadi kwenye minada ya Ngara na Biharamulo. Leo mkulima wa mihogo anaweza kuvaa koti lililoshonwa kwa ajili ya wakili wa mji wa mbali. Kwa macho ya Mrumi huu ungekuwa mwisho wa dunia: zambarau imemwagwa gulioni.

Lakini cheo hakikufa, kilihama. Angalia belo la kilo 45 linapokatwa kamba. Wauzaji wa nguo za mjini wamefika alfajiri, wakachagua zile safi zenye lebo inayojulikana, wakalipa bei ya juu na kuondoka. Kinachofuata ni cha wauzaji wadogo, kisha cha wanunuzi wa kawaida. Jioni kinabaki kirundo cha bei ya chini ambacho mama mwenye watoto wanne hukiinamia. Nguo zilitoka kwenye belo moja, ila saa ya kuchagua ndiyo imewapanga watu. Tena mpangilio umepinduka: shati la mtumba lililochaguliwa vizuri hupata sifa kuliko jipya la dukani linalochuja rangi baada ya kufuliwa mara mbili. Ustadi, lile kufuli la tatu la Warumi, umerudi kwenye kiti chake.

Rusumo inauona mgongano huu kwa ukaribu kuliko miji mingi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu Julai 2018 kwa kusimamisha msamaha wa kodi kwa nguo zinazotoka Rwanda. Tanzania na majirani wengine walirudi nyuma, ushuru wao ukiwa senti 40 kwa kilo. Kwa hesabu hiyo belo la kilo 45 lilidaiwa dola 18 upande mmoja wa mto na dola 112.50 upande wa pili. Hoja ya Kigali ilikuwa hadhi: taifa linalojiheshimu halivai kilichotupwa na wengine. Hoja hiyo ina uzito. Ila heshima ya taifa ina gharama, na anayeilipa kwanza ni yule wa kirundo cha jioni. Katazo la nguo linalotolewa kwa jina la wote ni lazima lipimwe kwa mfuko wa aliye chini kabisa.

Mamlaka bila sare

Mpaka hapa ingeonekana kwamba tukiondoa alama zote za mavazi tutapata usawa. Rusumo ina ushahidi mchungu unaotuzuia kusema hivyo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walilivuka daraja kutoka Rwanda na kujazana Benaco, wilayani Ngara. Kwa macho tu hapakuwa na mkubwa wala mdogo: makoti yaliyolowa, vitenge, magodoro vichwani. Waliokuwemo ni wakulima waliokimbia vita na, ndani ya kundi hilohilo, viongozi wa wilaya walioongoza mauaji ya kimbari.

Wafanyakazi wa misaada waliwapanga watu kwa maeneo walikotoka, na chakula kikagawanywa kupitia viongozi walewale, waliokuwa na orodha za watu wao. Bila kaki, bila nyota begani, utawala uliendelea. Cheo hakikuwa kwenye nguo, kilikuwa kwenye daftari la mgawo. Na kwa sababu hakikuvaa kitu cha kukitambulisha, kilikuwa kigumu kukishika na kukishtaki.

Fundisho la Benaco linatupa kipimo tunachokihitaji, maana si kila katazo la mavazi ni la kuonea. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa na mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Agizo hilo liliwagusa hata wale walionunua jaketi la mabaka kwenye mitumba bila nia mbaya. Lakini lina sababu inayoeleweka: kombati ikiwa ya kila mtu, jambazi atasimamisha gari barabarani na abiria hatajua anamtii nani. Ofisa wa mpakani mwenye jina na namba kifuani naye amefungwa na vazi lake. Mfanyabiashara aliyeonewa anaweza kusema ni nani aliyemwonea.

Basi kila kanuni ya mavazi, iwe ya bunge, ya shule, ya ofisi ya kijiji au ya taifa, iulizwe swali moja: inamfunga nani? Kanuni inayomtaka mwenye mamlaka ajulikane, ili awajibike, inastahili kutiiwa. Inayompima asiye na mamlaka kwa rula ya mwingine, ikimwambia mwanamke, mfugaji au mtoto wa maskini kwamba mwili wake ni tatizo, ni Sheria ya Oppia iliyobadilishwa lugha. Tangu 2016 watoto wetu wanasoma bila ada, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Mtoto anayerudishwa nyumbani Ngara au Biharamulo kwa sababu sweta lake si la rangi iliyoagizwa ananyimwa somo ili sare, iliyobuniwa kuficha tofauti za vipato, ipate kuzitangaza. Mwalimu mkuu ana mamlaka ya kumwacha aingie darasani, na kamati ya shule ina mamlaka ya kuiandika ruhusa hiyo kwenye kanuni zake. Wanawake wa Roma waliifuta sheria yao kwa kujaa barabarani. Sisi kwa hili tunahitaji mkutano mmoja wa wazazi.